Doti Moja, Pande Mbili: Kuhesabu Kromosomu na Kromatidi Seli Inapogawanyika

Lipo swali dogo la baiolojia ambalo huwakwaza wanafunzi wengi kuliko ugumu wake unavyostahili. Seli ya ngozi ya binadamu, yenye kromosomu 46 (nyuzi za DNA zinazobeba jeni), huwa na kromosomu ngapi inapofika katika hatua ya mgawanyiko iitwayo anafezi? Mmoja hujibu 46, kwa kuwa ndiyo namba aliyofundishwa tangu mwanzo. Mwingine hujibu 92, kwa kuwa anakumbuka kwamba kila kitu kilikwisha kunakiliwa. Wa tatu, aliyekariri zaidi ya wenzake, husema ni kromosomu 46 zenye kromatidi 92. Jibu sahihi ni 92. Lakini ukiulizwa swali hilohilo kuhusu metafezi, hatua inayotangulia anafezi kwa dakika chache tu, jibu sahihi ni 46, ingawa kati ya hatua hizo mbili DNA iliyomo ndani ya seli haijaongezeka hata chembe. Si ajabu basi kwamba somo hili huonekana kama mazingaombwe.

Ugumu, kwa maoni yangu, haumo katika baiolojia yenyewe bali katika majina. Tumezoea kwamba majina mawili ni vitu viwili, kama kuku na bata. Kromosomu na kromatidi haziko hivyo. Kitu ni kilekile, na jina hubadilika kulingana na hali yake: kama kinajitegemea, au kama bado kimeshikana na nakala yake.

Mfano ulio karibu zaidi na jambo hili umo katika duka la kanga. Mnunuzi hauziwi kanga moja, huuziwa doti, yaani kitambaa kimoja kirefu chenye pande mbili zilizochapwa sawasawa: pindo lilelile, mji uleule, na jina lilelile lililoandikwa chini ya mji. Doti inapotoka dukani ni kitambaa kimoja, na ukiikunja na kuitia kwapani umebeba kitu kimoja. Mkasi ukipita katikati na kingo zikapindwa, ndipo zinapokuwapo kanga mbili, moja ya kujifunga kiunoni na nyingine ya kujitanda. Mkasi haukuongeza hata uzi mmoja. Kilichobadilika ni hesabu, kwa sababu kile kilichokuwa upande wa doti sasa ni kanga inayojitegemea.

Kromosomu iliyokwisha kujinakili ni doti, na kila upande wake ni kromatidi. Mahali ambapo pande hizo hushikana kwa nguvu zaidi huitwa sentromia. Pande zikiachana, neno kromatidi halina kazi tena, kwa kuwa kila upande umekuwa kromosomu kamili yenye sentromia yake. Kutokana na hapo inapatikana kanuni ya kuhesabu ambayo haijapata kuniangusha: anayetaka idadi ya kromosomu ahesabu sentromia, akizichukua zilizoshikana kuwa moja, anayetaka idadi ya kromatidi ahesabu molekuli za DNA. Katika metafezi doti 46 bado hazijakatwa, kwa hiyo kromosomu ni 46 na kromatidi ni 92. Katika anafezi mkasi umepita, kwa hiyo kromosomu ni 92, kila moja ikiwa upande mmoja, na zote zingali ndani ya seli moja ambayo haijagawanyika. Seli ikishajikata katikati, kila seli binti hupata 46. (Wapo waandishi wanaosema "kromosomu yenye kromatidi moja" wakimaanisha kromosomu ambayo haijajinakili au iliyokwisha kuachana na nakala yake. Hilo ni suala la mazoea ya lugha, na halibadilishi hesabu.)

Mfano wa doti una kasoro ambayo ni afadhali niitaje mapema. Kiwandani pande zote mbili huchapwa katika kitambaa kimoja tangu mwanzo, lakini kromosomu huanza maisha yake ikiwa upande mmoja tu, na upande wa pili hutengenezwa baadaye kwa kunakili ule wa kwanza. Kazi hiyo hufanyika katika intafezi, kipindi kirefu kati ya mgawanyiko mmoja na unaofuata. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara na kugawanyika kila baada ya saa 24 hivi hutumia takribani saa 8 kunakili DNA yake yote, ilhali mgawanyiko wenyewe, tangu hatua ya kwanza, profezi, hadi ya mwisho, telofezi, huchukua kama saa 1. Seli inapoingia profezi, basi, doti zote zimekwisha kuwa tayari, na hakuna kinachonakiliwa tena. Wengi hudhani kwamba kunakili na kugawanyika ni tendo moja, na dhana hiyo ndiyo huwafanya waongeze namba mahali ambapo hakuna kilichoongezeka.

Hapa inafaa kuondoa mchanganyiko mwingine, ambao huletwa na umbo la DNA. Molekuli ya DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na mwanafunzi aliyekwisha kusikia habari za nyuzi mbili, akisikia tena kwamba kromosomu ina kromatidi mbili, huona kwamba ni habari ileile. Sivyo. Kila kromatidi ni molekuli nzima ya DNA, nyuzi mbili zikiwa pamoja. Wakati wa kunakili, nyuzi mbili za molekuli ya zamani huachana, na kila mmoja huwa kiolezo cha kuundia mwenzake mpya, hata mwishowe zikawapo molekuli mbili zenye nyuzi mbilimbili, kila moja ikiwa na uzi mmoja wa kale na mmoja mpya. Kromosomu iliyojinakili ina nyuzi nne za DNA katika pande mbili. Kwa sababu hiyo haina maana kuuliza upande upi ni wa asili na upi ni nakala: zote mbili ni nusu kwa nusu.

Ukubwa wa kazi hii hueleweka vizuri ukiangalia vipimo. Kromosomu namba 1 ya binadamu, iliyo kubwa kuliko zote, ina molekuli ya DNA ambayo ingenyooshwa ingefikia urefu wa zaidi ya sentimita 8, yaani zaidi ya urefu wa kidole cha shahada cha mtu mzima. DNA ya kromosomu zote 46 zikiunganishwa hufikia kama mita 2. Yote hiyo hukaa ndani ya kiini chenye kipenyo cha sehemu chache tu za elfu za milimita, ikiwa imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye kijiti. Katika hali hiyo ya kila siku nyuzi hizo ni nyembamba mno, na hadubini ya kawaida haionyeshi kromosomu hata moja. Huonyesha kiini kilichojaa ukungu wenye chembechembe. Ni pale seli inapojiandaa kugawanyika ndipo nyuzi hukunjwa, kukunjwa tena na kubanwa, hadi zile sentimita 8 zinakuwa kijiti cha kama sehemu moja ya mia ya milimita. Sababu ni ya kivitendo. Hakuna awezaye kugawa mita 2 za uzi uliotatizana bila kuukata.

Hilo linaeleza pia asili ya jina. Mjerumani Walther Flemming, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1882 alieleza kwa undani mgawanyiko wa seli za salamanda, aliona vijiti vilivyonyonya rangi kwa wingi, na mwaka 1888 Mjerumani mwenzake, Heinrich Waldeyer, akaviita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na mwili. Watu hao waliona kromosomu katika hali moja tu, hali ya kubanwa tayari kwa kugawanywa, na sisi tumerithi macho yao. Picha ya kromosomu iliyo katika kila kitabu ni ya umbo la X, kwa sababu hupigwa katika metafezi, hatua ambayo kromosomu huonekana vizuri kuliko hatua nyingine yoyote. Hata lile umbo la X lililo wazi hasa hutokana kwa sehemu na dawa inayotumika kuisimamisha seli katika hatua hiyo: kadiri seli inavyocheleweshwa, ndivyo mikono ya pande mbili inavyoachana huku sentromia ikibaki imeshika. Ni sawa na mgeni aliyewaona watu siku ya harusi tu, akaondoka akiamini kwamba huvaa hivyo kila siku. Sehemu kubwa ya maisha ya seli, kromosomu haina umbo la X. Ni uzi mmoja mrefu usioonekana.

Picha hiyohiyo imezaa kosa ambalo ni baya kuliko yote, nalo ni kuamini kwamba nusu moja ya X imetoka kwa baba na nusu nyingine kwa mama. Nusu mbili za X ni nakala za kitu kimoja. Kama kromosomu hiyo ilitoka kwa mama, pande zote mbili ni za mama. Ile ya baba ni kromosomu nyingine kabisa, nayo wakati huo huwa na X yake, pengine mahali pengine katika seli.

Kwa ajili hiyo ni muhimu kuwa na maneno mawili yasiyochanganyika. Kromatidi mbili zilizo katika kromosomu moja nitaziita pacha, kwa kuwa zimetokana na molekuli moja na zinafanana herufi kwa herufi, isipokuwa pale kunakili kulipokosea. Kromosomu mbili zinazobeba jeni za aina moja, ya baba na ya mama, nitaziita wenza. Wenza wana mpangilio mmoja wa jeni, lakini yaliyomo ndani ya jeni hizo yanaweza kutofautiana: mwenza mmoja anaweza kubeba jeni ya damu ya kundi A na mwingine ya kundi B. Kwa lugha ya dukani, wenza ni doti mbili za mtindo mmoja, moja iliyonunuliwa na mama na nyingine na baba, zenye pindo linalolingana lakini jina lililoandikwa si lazima liwe moja. Binadamu ana jozi 23 za wenza. Katika jozi ya 23 mwanamume ana wenza wasiolingana, X na Y, na herufi hizo ni majina tu. Kromosomu X haiitwi hivyo kwa sababu ya umbo lake katika picha, kwani karibu kila kromosomu iliyojinakili inaweza kuonekana hivyo.

Mtu aliyechoka na michoro anaweza kuyaona haya kwa macho yake, na hahitaji kiumbe adimu. Kitunguu maji cha sokoni kinatosha. Kiweke juu ya bilauri ya maji hivi kwamba kitako chake kiguse maji, nacho baada ya siku mbili tatu kitatoa mizizi myeupe. Kata milimita 2 za mwisho wa mzizi, kwa kuwa hapo ndipo seli zinapogawanyika kwa wingi, ziloweke kwa dakika chache katika asidi hafifu yenye joto ili seli zilegee, zitie rangi ya kunasa kromosomu, kisha weka kioo chembamba juu na ubonyeze kwa kidole gumba mpaka tishu itandazike.

Katika hadubini inayokuza mara 400 seli huonekana zimepangwa kama matofali. Nyingi zitakukatisha tamaa: zina duara la rangi iliyofifia na basi, kwa sababu ziko katika intafezi. Endelea kusogeza. Utaona seli moja ambayo duara lake limekuwa fundo la nyuzi nene kama tambi. Hiyo ni profezi. Nyingine, nyuzi zake zimejipanga katika mstari katikati ya seli. Ni metafezi, na hapo zimo kromosomu 16, idadi ya kitunguu. Kisha, ukibahatika, utaona seli yenye mafungu mawili yanayoachana, kila kijiti kikiwa kimepinda kama herufi V, kona ikitangulia kuelekea nchani na mikono ikiburutwa nyuma, mfano wa kamba inayovutwa kwa katikati. Ile kona ni sentromia. Hiyo ndiyo anafezi, na katika matofali hayo yenye kromosomu 16, wewe sasa unatazama tofali lenye 32.

Kinachozivuta ni nyuzi za protini zinazotoka katika ncha mbili za seli na kujishikiza kwenye sentromia. Kila upande wa doti hushikwa kutoka ncha yake, kwa hiyo kabla ya kukatwa doti huvutwa pande zote mbili kwa wakati mmoja na hutulia katikati kama kamba katika mashindano ya kuvutana ambayo hakuna aliyeshinda. Kutulia huko ndiko metafezi, na kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwani seli huutumia mvutano huo kujua kama doti imeshikwa sawasawa. Doti iliyoshikwa na ncha moja tu haina mvutano, na maadamu ipo hata moja ya namna hiyo, seli hupeleka ishara ya kuzuia hatua inayofuata.

Kinachoshikilia pacha ni protini iitwayo kohesini, yenye umbo la pete inayozizunguka molekuli mbili za DNA kwa pamoja. Pete hizo huvishwa wakati wa kunakili, na hilo ni jambo la busara, kwa kuwa seli haina haja ya kutafuta baadaye nani pacha wa nani. Huwafunga papo hapo wanapozaliwa. Katika profezi pete nyingi za mikononi hutolewa, zikabaki zaidi zile za sentromia, na kutokana na hilo umbo la X hutokea. Doti zote zikishashikwa vizuri, kimeng'enya kiitwacho separesi, ambacho muda wote huo kilikuwa kimefungwa na protini nyingine, hufunguliwa na kuzikata pete zilizobaki. Mkasi wa mfano wetu, basi, si maneno ya kupamba. Upo, na una jina. Papo hapo kila pacha huenda upande wake, na kromosomu 46 huwa 92.

Dawa zinazoharibu zile nyuzi za kuvuta huigandisha seli katika metafezi, pacha wakiwa wameshikana na mkasi ukiwa umefungwa. Ndivyo ifanyavyo vinkristini, dawa ya saratani inayopatikana katika mmea wa maua wenye asili ya Madagaska ambao hupandwa katika bustani nyingi za pwani yetu, na ambayo hutumika pamoja na nyingine kutibu limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Seli ya saratani iliyogandishwa hivyo mwishowe hufa. Kolkisini, dawa nyingine, hufanya kazi ya namna hiyo, nayo imetusaidia kwa njia nyingine, yaani katika kuhesabu.

Kuhesabu kromosomu za binadamu kumewashinda hata mabingwa. Mwaka 1923 Mmarekani Theophilus Painter alichapisha hesabu ya 48, na kwa zaidi ya miaka 30 dunia nzima ilifundisha hivyo. Mwaka 1952 T. C. Hsu, aliyekuwa akifanya kazi Texas, alikuta seli zake zimetawanya kromosomu vizuri ajabu kwa sababu suluhisho la chumvi lilikuwa limechanganywa kimakosa likawa hafifu mno, seli zikavimba kwa maji. Alikuwa na picha safi kuliko mtu yeyote kabla yake, na bado alihesabu 48, namba aliyoitarajia. Ilikuwa mpaka Desemba 1955, katika mji wa Lund nchini Sweden, ndipo Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, akitumia suluhisho hafifu pamoja na kolkisini, alipohesabu 46 na kuhesabu tena, na mwaka uliofuata yeye na Albert Levan wakachapisha matokeo hayo. Kwa hiyo mwanafunzi anayekosea katika mtihani ana wenzake wa heshima.

Hadi hapa nimezungumzia mitosisi, mgawanyiko wa seli za kawaida za mwili. Mbegu za kiume na mayai hutengenezwa kwa njia nyingine, meiosisi, ambamo kunakili hufanyika mara moja na kugawanyika mara mbili. Hapo tofauti kati ya pacha na wenza, ambayo katika mitosisi ingeweza kupuuzwa, huwa ndiyo somo lenyewe. Katika mitosisi wenza hawajuani: kila doti hujipanga katikati peke yake, ya mama haijali ya baba iko wapi. Katika meiosisi lazima watafutane. Kila kromosomu, ikiwa doti yenye pande mbili, hulala sambamba na mwenza wake, pande nne kwa pamoja, na hapo upande mmoja wa mama na mmoja wa baba hukatika mahali panapolingana na kubadilishana vipande. Mfano wake ni fundi anayekata pindo la upande mmoja wa doti ya mama na kulishona kwenye upande mmoja wa doti ya baba, na kinyume chake. Tangu hapo pande mbili za doti moja hazifanani tena kikamilifu; tunaendelea kuziita pacha kwa mazoea, lakini moja imechanganya damu.

Kisha hufuata mgawanyiko wa kwanza, na hapa wengi hupotea njia. Kinachoachana ni wenza, si pacha. Doti 46 zilizopangwa jozi kwa jozi huachana, 23 nzimanzima zikaenda ncha moja na 23 nyingine, kila moja ikiwa bado na pande zake mbili. Pete za mikononi hukatwa ili wenza waliosokotana waweze kuachana, lakini zile za sentromia hulindwa na protini ambayo watafiti wa Kijapani waliipa mwaka 2004 jina la shugoshini, kutokana na neno la kwao lenye maana ya roho mlinzi. Idadi ya kromosomu katika kila seli imeshuka kutoka 46 hadi 23, ijapokuwa kila seli ina kromatidi 46. Mwanafunzi akiona namba 46 mara ya pili hufikiri amerudi alikoanzia. Hakurudi: mwanzo zilikuwa sentromia 46, sasa ni pande 46 katika sentromia 23. Katika mgawanyiko wa pili, bila kunakili tena, ulinzi huondoka, mkasi hupita katika sentromia, na kila seli ya mwisho hupata kromosomu 23 za upande mmoja mmoja.

Kwa mwanamke mpango huu una jambo la kushangaza. Mayai yake huanza meiosisi yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, wenza hukutana na kubadilishana vipande, kisha kazi husimama. Yai litakaloiva mwanamke akiwa na miaka 40 limekaa na wenza walioshikana kwa zaidi ya miaka 40. Pete za kohesini zilizovishwa kabla hajazaliwa hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na zikilegea, wenza wanaweza kuachana kabla ya wakati, hata pacha wakaachana kabla ya zamu yao, na mgawanyo ukaenda kombo. Yai likipata kromosomu namba 21 mbili badala ya moja, mtoto huwa na tatu, jumla 47, hali iitwayo sindromu ya Down, ambayo chanzo chake kilibainishwa jijini Paris mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Uwezekano wa hali hiyo, ambao kwa mama wa miaka 20 ni kama mmoja katika 1,500, hufikia karibu mmoja katika 100 kwa mama wa miaka 40. Hakuna alichokula wala alichofanya mama kilichosababisha. Ni pete zilizochakaa.

Anayetaka kuona mitosisi ikifaulu mahali ambapo meiosisi imeshindwa atazame mgomba. Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zinazoliwa Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi, zina kromosomu 33, yaani seti tatu za 11, ilhali mgomba wa mwitu una 22. Katika mitosisi hilo si tatizo hata kidogo: doti 33 hujipanga kila moja kivyake, mkasi hupita, na kila seli mpya hupata 33. Ndiyo maana mgomba hukua, hutoa majani na kuchipua machipukizi ambayo mkulima huyang'oa na kuyapanda, kila moja likiwa na 33 zilezile za mama. Baghala, mtoto wa punda mwenye kromosomu 62 na farasi mwenye 64, huishi na kubeba mizigo na 63 zake kwa sababu hiyohiyo. Lakini katika meiosisi kila kromosomu ya mgomba hukuta wenza wawili badala ya mmoja. Watatu hawagawanyiki sawa kwa wawili. Ncha moja hupata wawili na nyingine mmoja, na kila kikundi kati ya 11 huamua kivyake, kwa hiyo karibu kila seli ya uzazi hupata hesabu isiyokamilika na haifai kitu.

Ndizi yenyewe hukua bila kungoja kurutubishwa, jambo ambalo ni tabia nyingine ya mgomba. Ndizi ya mwitu imejaa mbegu ngumu zinazoweza kuvunja jino. Ya shambani, ukiikata kwa kuikatisha, katikati ya nyama nyeupe utaona vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga katika mistari mitatu. Kila kidoa ni mahali ambapo mbegu ingekuwa.